Uvimbe wa Kuku na Namna ya Kuukabili

Kuku huishi karibu na mtu kuliko mfugo mwingine wowote, kwani hupekua uani, hutagia jikoni na pengine hulala uvunguni mwa kitanda cha mwenyewe, lakini ajabu ni kwamba maradhi yake ndiyo yaamuliwayo kwa haraka kuliko yote. Ng'ombe akitokewa na uvimbe huitiwa tabibu wa mifugo, na mbuzi husubiriwa; ila kuku, aonekanapo na kinundu juu ya jicho au chini ya unyayo, huletewa wembe, au mafuta ya taa, au maji ya moto ya kumnyonyolea. Rai yangu ni kwamba aghalabu uvimbe wa kuku hauna haja ya wembe wala ya sufuria, bali una haja ya kutambuliwa kwanza, na utambuzi huo hutegemea mahali uvimbe ulipo, hali yake uguswapo kwa kidole, na idadi ya kuku wengine walio nao katika banda hilo hilo. Mtu akiyajua hayo, atajua pia ni lini asubiri, ni lini atibu kwa mkono wake, na ni lini amwite afisa mifugo bila ya kuchelewa.

Ukaguzi ufanye usiku, kuku wakiisha panda kwenye fito zao, kwa maana kuku gizani hutulia na hushikika bila ya kukimbizwa uwanja mzima. Chukua tochi ndogo, mpakate kuku kwa mkono wa kushoto uliowekwa chini ya kidari, miguu yake ikiwa katikati ya vidole vyako na mabawa yake yakiegemea ubavu wako, lakini hadhari sana usimbane kifua. Kuku hana kiwambo kama chetu kitengacho mapafu na tumbo. Pumzi yake yote hutegemea kuinuka na kushuka kwa kidari, na akigandamizwa hapo yamkini akafa mkononi bila ya hata kulia. Anza kichwani: tazama undu, ambao wafugaji wengi wa bara huuita upanga, kisha zile nyama zining'iniazo chini ya mdomo, kisha kope, kisha mfumbue mdomo uone ulimi na koo. Teremka shingoni, pekua chini ya mabawa, pitisha kidole juu ya mfupa wa kidari, geuza manyoya ya tumbo na ya mkiani, na mwisho inua nyayo moja baada ya moja uzimulike. Palipo na kinundu, kibonyeze polepole: je, kina joto? Hutembea chini ya ngozi au kimeshikamana na nyama? Ni kigumu, au huingia ndani kama kilichojaa maji?

Kabla ya kulitaja jina la ugonjwa wowote, yafaa mfugaji mpya ayajue maumbile yasiyo maradhi. Uvimbe mkubwa ulio chini ya shingo, upande wa kulia wa kifua, uonekanao jioni na kutoweka asubuhi, ni gole, yaani kifuko cha chakula, nao ni dalili ya kuku aliyeshiba. Ni pale tu unapoukuta umejaa alfajiri, kuku akiwa hajala usiku kucha, ndipo una sababu ya kushuku kwamba majani makavu au kamba imeziba njia. Juu ya mkia, mahali manyoya yaanziapo, kuna tezi yenye ncha ndogo itoayo mafuta, ambayo kuku huichokoa kwa mdomo ili ajipake manyoya, na ambayo wapo watu huikata wakiidhania jipu. Kuku wa kishingo ana ngozi nyekundu, nene na ya kukwaruza shingoni, na hiyo ndiyo asili yake. Vipi vya jogoo huanza kwa kinundu kidogo kigumu kila mguu. Na kuku aliye katika kubadili manyoya huwa na vijiti vingi vya bluu vyenye damu ndani, ambavyo mtu asiyejua huvibinya na kumwumiza kiumbe wa Mungu bure.

Sasa tuje kwenye ndui, kwa kuwa katika nchi zetu za joto hii ndiyo sababu iliyo kuu ya vinundu vya kuku, hasa katika mwambao na kandokando ya maziwa, na hasa baada ya mvua za masika na za vuli, wakati mbu wanapozidi. Maradhi haya huletwa na virusi ambavyo haviwezi kupenya ngozi iliyo nzima; sharti vipate mlango, na mlango huo ni sindano ya mbu, au mkwaruzo wa kupigana, au jeraha la mwiba. Kwa hiyo huonekana kwanza pale pasipo na manyoya: kwenye undu, kwenye nyama za chini ya mdomo, kwenye kope, pembeni mwa mdomo, na pengine miguuni. Siku za mwanzo huwa ni vidoa vidogo vyeupe. Vidoa huinuka vikawa vipele vya manjano. Vipele huungana, hukauka, na hugeuka kuwa magaga meusi au ya rangi ya kahawa, yenye kukwaruza, ambayo baada ya muda wa wiki tatu au nne hivi hudondoka yenyewe na kuacha ngozi laini. Huenea polepole bandani, leo kuku wawili, wiki ijayo watano, na mwendo huo wa taratibu ni dalili njema ya kuitofautisha na maradhi mengine ambayo hulipuka kwa siku moja.

Dawa ya kuua virusi hivyo katika mwili wa kuku haipo, na yeyote akuuziaye chupa kwa ahadi hiyo anakuuzia maji. Kazi ya mfugaji ni kumtunza kuku mpaka mwili wake wenyewe ushinde, na katika kazi hiyo la kwanza ni kuuzuia mkono wako usiyabandue magaga. Nimeona watu wakiyang'oa kwa kucha kisha wakisugua ndimu au majivu ya moto kwenye nyama iliyo wazi, wakidhani wanaufukuza ugonjwa, ilhali wanafungua jeraha jipya la kuingiza vijidudu vingine na wanayatawanya sakafuni magaga ambayo virusi vyake huweza kukaa hai kwa miezi mingi. Yapake iodini kidogo kwa pamba, mara moja kwa siku, basi. Jicho ndilo litakalo juhudi zaidi, kwa kuwa kope zikivimba na kugandana kuku hawezi kuona punje wala maji, na vifaranga wengi wafao katika ndui hufa kwa njaa na kiu wakiwa wamezungukwa na chakula. Chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, acha yapoe yawe vuguvugu, kisha loweka kope kwa kitambaa safi asubuhi na jioni mpaka ulimbo ulainike na jicho lifunguke lenyewe. Na kuku asiyeona mnyweshe kwa mkono, ukichovya ncha ya mdomo wake katika maji na kumwachia ainue kichwa ameze, wala usimmiminie kooni, kwani maji yakipita njia ya pumzi yatamwua mbele ya ndui.

Iko ndui ya namna ya pili, nayo ni kali zaidi, ambayo hukaa ndani ya mdomo na kwenye koo ikaota utando wa manjano. Kuku mwenye hiyo hukoroma, hunyosha shingo na hukataa chakula ingawa uso wake waweza kuwa safi. Utando kama huo hufanana na vidonda viletwavyo na upungufu wa vitamini A, upatikanao kwa kuku wafungiwao ndani na kulishwa pumba tupu bila ya majani mabichi, kwa hiyo mchicha na majani ya mboga hayapotei bure kwa mgonjwa yeyote wa mdomo. Lakini kuku akishindwa kuvuta pumzi huna budi kumwita tabibu. Ndui ya kuku, tuseme wazi, haimwambukizi binadamu, na mama mwenye mtoto aliyetokwa na tetekuwanga asiwalaumu kuku wa uani.

Yako mambo mengine yafananayo na ndui kwa mbali. Ukiona weusi mwingi umeganda kuzunguka macho na juu ya undu, sogeza tochi karibu na kukwangua kidogo kwa ukucha: kama ni magaga yatakuwa makavu na bila ya uhai, lakini kama ni viroboto washikao utaona migongo myeusi ming'avu imepangana, vichwa vimezama ndani ya ngozi, wala hawaruki kama viroboto wa mbwa. Hao hunyonya damu mpaka kifaranga akapauka na kufa. Wapake mafuta mazito ya mgando yawazibe pumzi, ukijihadhari yasiingie jichoni, na siku ya pili au ya tatu wengi watakuwa wamekufa. Kisha ushughulikie udongo wa banda, kwa kuwa mayai yao huanguka chini na kuanguliwa mchangani, na ushughulikie mbwa, paka na panya wa nyumba, ambao nao huwabeba. Kadhalika chini ya mabawa huenda ukakuta vivimbe vidogo vyekundu au vya bluu ambavyo ni watoto wa papasi. Papasi wakubwa hujificha katika nyufa za ukuta na za miti mchana, hutoka usiku, na dawa yao ni kuziba nyufa na kunyunyiza dawa ya wadudu iliyoruhusiwa na wataalamu wa mifugo, kuku wakiwa nje.

Miguu ina habari zake. Magamba yakiinuka, yakaota unga mweupe chini yake na mguu ukawa mnene wa kuparara, huo ni ukurutu uletwao na wadudu wadogo mno wachimbao chini ya magamba, nao huambukiza kuku hadi kuku fitoni. Osha mguu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, sugua kwa mswaki laini bila ya kung'oa gamba, kausha, paka mafuta ya nazi au ya mgando kwa wingi, na urudie kila baada ya siku chache kwa muda wa mwezi mzima, maana mayai ya wadudu hao huanguliwa baada ya wazazi wao kufa. Ile desturi ya kutumbukiza miguu katika mafuta ya taa au oili chafu ya gari iachwe. Huunguza ngozi na kumtia kuku sumu.

Lakini uvimbe wa unyayo ni jambo zito zaidi. Huwapata hasa kuku wazito, na jogoo wa kuchi, kwa kimo chake na uzito wake, ni mmoja wa hao. Arukapo kutoka fito ya juu na kutua juu ya saruji au kokoto kila alfajiri, ngozi ya unyayo hupondeka au hupasuka. Na kuku akanyagaye maranda yaliyolowa mkojo na kinyesi hupata mlango ule ule kwa njia ya kulainika kwa ngozi. Vijidudu vya usaha huingia, na baada ya siku kadhaa huonekana tezi ya duara katikati ya unyayo, yenye kizibo cheusi kigumu juu yake. Kuku huanza kuchechemea, kisha husimama kwa mguu mmoja, kisha hukaa tu. Hapa ndipo wembe hutolewa, na hapa ndipo mimi nausihi mkono wa mfugaji usubiri, kwa sababu chini ya kizibo kile kuna mishipa na kano za vidole, na mtu akikata bila ya maarifa humwachia jogoo kilema cha daima.

Uvimbe ungali mdogo na kuku angali anatembea, loweka mguu katika maji ya chumvi ya vuguvugu kwa dakika kumi au kumi na tano kila siku, ukaushe, upake iodini, ufunge kwa pamba na kitambaa safi kisichobana, na umweke kuku mahali pakavu penye matandazo mengi mpaka apone. Ukiwa mkubwa, wenye joto, au uvimbe umepanda kufika juu ya vidole, huyo ni wa tabibu wa mifugo, ambaye atampa dawa ya maumivu kwanza na kuitoa takataka ya ndani kwa zana safi. Wakati huo huo teremsha fito: kwa kuku wazito kimo cha nusu mita chatosha kabisa, na fito yenyewe iwe nene, iliyolainishwa, isiyo na kibanzi wala msumari.

Mfugaji aliyezoea majipu ya watu na ya mbuzi hushangaa akipasua jipu la kuku asione kitu kitiririkacho. Usaha wa kuku hautiririki. Huganda ukawa tonge gumu la manjano kama kiini cha yai lililochemshwa mno, kwa kuwa chembe nyeupe za damu yake hazina ile nguvu ya kuyeyusha iliyo katika chembe zetu. Kwa ajili hiyo kulikamua jipu la kuku ni kazi bure, huutia usaha ndani zaidi na kuchana nyama. Na kwa ajili hiyo pia sindano za dawa pekee mara nyingi hazifiki kulitibu, kwa maana dawa haipenyi katika tonge lile. Jipu la juu juu la kidari, litokanalo na kuku kulalia mfupa wake juu ya sakafu ngumu, hutulia kwa kubadilishiwa mahali pa kulala. Uvimbe wa shavu chini ya jicho, wenye tonge hilo ndani, aghalabu ni mabaki ya mafua, na wataka mtaalamu.

Kuhusu kifaranga au pora ambaye ngozi yake imefura ghafula, nyepesi, ikaingia ndani kwa kubonyezwa na kurudi, huyo amejaa hewa chini ya ngozi baada ya kifuko kimoja cha pumzi kupasuka, pengine kwa kukanyagwa au kushikwa vibaya. Wengi hupona wenyewe wakitulizwa.

Ziko tezi ambazo hakuna iodini wala maji ya chumvi ya kuziondoa, nazo ni saratani. Ile iliyo mashuhuri kwa wafugaji ni mahepe, ambayo tabibu wa wanyama wa Hungaria, József Marek, aliieleza mwaka 1907. Huwapata kuku wachanga, aghalabu kabla ya kutimiza nusu mwaka, na ingawa wengi humjua mgonjwa wake kwa miguu iliyopooza, mmoja umenyoshwa mbele na mwingine nyuma, iko namna yake ya ngozini ambayo mashina ya manyoya huvimba yakawa vinundu vigumu mapajani na shingoni, vyepesi kuonekana kuku akiisha kunyonyolewa. Virusi vyake hutembea na vumbi la ngozi na manyoya, na chanjo yake hutolewa siku ile ile kifaranga atotolewapo, kwa hiyo anunuaye vifaranga wa kiwandani aulize kama wamechanjwa kabla ya kulipa.

Na kwa kuwa tumeitaja saratani, si vibaya kukumbuka kwamba elimu ya wanadamu ilimpata mwalimu wake mmoja katika banda la kuku: mwaka 1909 kuku wa aina ya Plymouth Rock mwenye uvimbe kifuani alifikishwa kwa Peyton Rous katika taasisi ya Rockefeller mjini New York, naye akausaga uvimbe, akauchuja kwa chujio lisilopitisha chembe hai za mwili, akawadunga kuku wengine yale maji yaliyochujika, nao wakaota uvimbe wa namna ile ile. Aliyatangaza hayo mwaka 1911, akadharauliwa na wengi, na Tuzo ya Nobel ikamfikia mwaka 1966, akiwa mzee sana. Mfugaji wa leo faida yake katika habari hiyo ni ndogo lakini ni ya kweli: tezi ngumu ikuayo wiki baada ya wiki, kuku akikonda, haitibiki nyumbani, na huruma ni kumwondoa kuku huyo kwa upole kuliko kumwacha ateseke.

Yote niliyoyasema yahusu uvimbe wa kuku mmoja mmoja, au wa wachache kwa taratibu. Ukikuta kuku wengi wamevimba nyuso na kope kwa siku moja au mbili, undu umegeuka zambarau, nao wanakufa kwa haraka, usikague mmoja mmoja wala usichinje: hiyo yaweza kuwa kideri, au mafua makali ya ndege ambayo humpata na mtu. Funga banda, zuia watoto, usiuze wala kugawa kuku wala mayai, na mpe habari afisa mifugo siku hiyo hiyo.

Hapo lazuka suala la nyama, ambalo kila nyumba hujiuliza na wachache hulisema. Kuku aliyepata ndui kavu, yaani ile ya ngozini, kisha akapona kabisa hana kasoro ya kuliwa. Mwenye tezi ndani, mwenye majipu, aliyekonda, au aliyechinjwa kwa kuwahiwa asife, asiliwe. Azikwe shimoni kwa kina cha kutosha mbwa wasimfukue, au achomwe. Na kuku aliyepewa dawa ya kuua bakteria ana siku zake zilizoandikwa katika kibandiko cha dawa, ambazo kabla ya kutimia nyama yake haifai wala mayai yake hayafai, hata kwa watoto wa jirani.

Kwa ndui, kinga ndiyo njia. Mwaga maji yaliyotuama katika makopo, vifuu na matairi kila wiki ili mbu wasizaliane, kisha uchanje kuku wazima kabla ya msimu wa mvua, aghalabu wakiwa na umri wa wiki 6 hadi 8, kwa kufuata kikaratasi cha chanjo yenyewe. Chupa moja aghalabu huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na ikiisha changanywa haiwezi kuwekwa akiba, kwa hiyo jirani na jirani wapatane siku, waibebe ndani ya barafu, nao waimalize katika muda wa saa mbili. Sindano yake ina meno mawili. Huchovywa katika chanjo, kisha ngozi nyembamba ya bawa hutobolewa kutoka chini, pasipo na manyoya, mfupa wala mshipa wa damu. Baada ya siku 7 hadi 10 kagua bawa hilo: pakiwa na kipele kidogo kilichovimba mahali pa sindano, chanjo imeshika, wala usikitibu. Asiye nacho arudiwe, na kwa chupa mpya, kwa kuwa mara nyingi kosa hutokana na ile ya kwanza kupata joto njiani.